Ubongo wa Plastiki na Kidani cha Zaituni

Siku zangu za mwanzo kliniki niliuvunja ubongo, kisha nikautengeneza, na kutengeneza ndiko kulikoniaibisha kuliko kuvunja.

Ulikuwa ubongo wa plastiki, wa kufundishia, unaofunguka vipande vipande, kila kipande na namba yake. Niliambiwa niufute vumbi. Nikaufuta kwa bidii ya mgeni kazini, ukaniteleza, ukasambaa sakafuni mpaka chini ya kabati la dawa. Nikavikusanya vipande, nikaitafuta karatasi ya maelezo, nikaanza kuvipanga. Kufika kwenye kipande cha kuonea, mchoro ukaniambia kinakaa nyuma, kisogoni. Nikajua mchoraji kakosea. Macho yako mbele; nani mwenye akili zake ataweka kuonea kisogoni? Kipande kilipokataa kuingia mbele nilikata vijipini vyake kwa wembe, nikakibandika kwa plasta ya vidonda.

Masika yote Sista Agripina aliwafundisha ndugu wa wagonjwa kwa ubongo ule. Hakuwa akiutazama, maana alikuwa akiujua kwa moyo. Aligusa kisogo akasema, "Hapa ndipo tunapoonea," na watu wakaitikia kwa vichwa. Mpaka siku moja fundi seremala aliyemleta kaka yake akauliza kwa adabu kwa nini ubongo wa serikali umepigwa plasta kwenye paji la uso. Sista akaugeuza, akautazama, kisha akanitazama mimi.

"Shomari, umempasua nani?"

"Sijampasua mtu, Sista. Nilimrekebisha."

Plasta hakuitoa. Aliniambia, "Iache hapo hapo. Siku ukijiona umeshamwelewa binadamu, njoo uiangalie."

Ubongo huo sasa uko kwangu. Vijana wa kliniki mlinipa siku ya kuniaga, mkacheka, mkaniomba niandike nilivyofanya kazi. Uko juu ya kabati la vyombo, kati ya chupa ya chai na sahani za harusi yetu. Mke wangu ameufunika kwa kitambaa cha kufuma ili wageni wasishtuke. Vyeo na mishahara sitavigusa, kwani vyeo havikunigusa mimi, na mshahara mnaujua wenyewe.

Nilimaliza kidato cha nne na matokeo ambayo mama yangu aliwaambia watu kuwa "yamechelewa" mpaka watu wakachoka kuuliza. Nikasomea uuguzi msaidizi. Tulipogawanywa idara, wenzangu walikimbilia wodi ya wazazi na chumba cha upasuaji, mimi nikaomba kliniki ya afya ya akili. Watu walidhani nina huruma. Ukweli ni kwamba jengo lile lilikuwa karibu kuliko yote na nyumbani kwetu. Mimi ni mtu wa ndani. Barazani kwenye kahawa nikikaa sana nusu saa, halafu naanza kukifikiria kiti changu. Taaluma yangu niliichagua kwa kupima umbali kutoka kitandani.

Vifaa vilikuwa vichache. Kinyundo cha mpira cha kugongea magoti, tochi, mizani iliyotaka kupigwa teke kabla haijasema kweli, saa yenye mshale wa sekunde, na karatasi nyeupe tupu. Karatasi hiyo nitaieleza baadaye, msiidharau. Nyinyi mna kompyuta, na nimeona ikigoma mnavyokaa kuitazama kama watu wa familia moja kwenye msiba.

Sista Agripina alikuwa muuguzi wa magonjwa ya akili, mtu wa Songea, mfupi, mwenye sauti ya kusemea kanisani. Kazi yake aliianza kwa njia ile ile kila siku. Watu humleta mgonjwa wakiwa na hadithi tayari: ameachwa, amerogwa, ana kiburi, kasoma sana. Sista aliisikiliza hadithi yote mpaka mwisho, hakatizi hata neno. Ikiisha, anaushika mkono wa mgonjwa na kuhesabu mapigo. "Anza na mwili," alikuwa akiniambia. "Kabla hujauliza anawaza nini, uliza kalala vipi, kala nini, kanywa dawa gani, na mkojo wake una rangi gani."

Nilimwona ni mtu asiye na mawazo makubwa. Kisha akaletwa mzee mmoja kutoka Saadani, mpole maisha yake yote, ambaye ghafla alikuwa akiwatukana majirani na kuona mbuzi juu ya paa. Wanawe walishaanza kubishana nani atashika nafasi yake kwenye ukoo. Sista akaomba mkojo. Ulikuwa na maambukizo ya kutosha kumvuruga kijana, sembuse mzee. Akapewa dawa, na baada ya siku chache akawa mpole kama zamani, isipokuwa kila mara aliuliza wale mbuzi wamepelekwa wapi.

Si wote waliorudi hivyo. Mama mmoja wa Vigwaza alituletea wanawe wawili, miaka kadhaa baina yao, wote wanasikia sauti. Tulipoeleza kwamba maradhi mengine hutembea ndani ya damu ya ukoo, mama yule hakuuliza dawa. Aliuliza, "Kwa hiyo nimewapa mimi?" Mimi nilianza kutafuta maneno ya kitaalamu. Sista akamwambia, "Umewapa na macho mazuri hayo, na hukuulizwa uchague." Mama akalia, kisha akawatazama macho wanawe. Kliniki ile waliijia miaka mingi. Elimu ya mwili humtua mtu mzigo wa lawama, na saa nyingine huubeba mzigo ule ule ikauweka mlango wa pili. Muwe waangalifu mnapoutua.

Katikati ya miaka yangu ya kazi nilipelekwa Dar kwenye semina ya ubongo na homoni. Semina ile iliniharibu. Nilirudi najua kwamba hasira ina makao yake, woga una makao yake, na mapenzi ni maji maji fulani kwenye damu. Nikaanza kuwaeleza watu. Muuza maandazi asiyecheka nilimwambia ubongo wake unapungukiwa kitu. Shemeji yangu mbishi nilimpa sehemu ya mbele ya kichwa iliyolegea. Kuhusu mimi mwenyewe, nilieleza kwamba kupenda kukaa ndani ni maumbile, kwamba kuna watu ambao kelele za nje huwajaa upesi. Mke wangu alinisikiliza huku akichambua mchicha, akasema, "Na anayetumwa unga akarudi na gazeti, huyo ana homoni gani?"

Nilikuwa kwenye hali hiyo ya utaalamu ndipo mambo ya Zaituni yalipoanza.

Jirani yetu, nyumba zinagusana ukuta, ni Bi Mwamvua. Wakati ule alikaa na mwanawe wa pekee, Rajabu, aliyekuwa akifanya kazi kwenye mashamba ya chumvi, pamoja na mke wa Rajabu, Zaituni, mtoto wa Mlingotini, na wajukuu wawili wadogo. Zaituni tulimjua kuwa mtu wa taratibu. Alikuwa akisuka ukili saa nzima bila kuinua kichwa. Mwaka ule akabadilika. Tulisikia sahani zikivunjika. Tulimsikia akifagia ua usiku wa manane. Alikuwa akimfokea Rajabu kwa kosa la kuvua viatu vibaya, na dakika mbili baadaye analia kwa sababu amemfokea. Akakonda, macho yakawa makubwa, kama mtu anayeshtuliwa kila wakati.

Siku moja, mbele ya wanawake waliokuja kuomba kuni, alimwambia mama mkwe wake neno ambalo mtaa mzima ulilijua kabla ya adhuhuri. Alimwambia, "Umemwatamia mwanao mpaka yai limeota ndevu."

Bi Mwamvua hakujibu. Alifunga mlango wake, na kwa wanaomjua, kutojibu kwake ni jambo zito kuliko tusi.

Nyumba ile ikawa na maelezo mawili. Bi Mwamvua alisema ni jini, na akaanza maandalizi ya ngoma ya kulipunga: udi, kanga mpya, na mganga wa kualikwa. Rajabu alisema si jini wala nini, mke wake amemchoka na ana mtu. Ushahidi wake ulikuwa kidani. Siku ya harusi yeye mwenyewe ndiye aliyemvisha Zaituni kidani cha dhahabu, na Zaituni hakuwahi kukivua, hata akifua. Sasa shingo ilikuwa tupu na kidani hakionekani ndani. Rajabu akasema ngoma ipigwe, isipigwe, Ijumaa anamrudisha Mlingotini kwa baba yake na talaka mkononi. Watoto wangebaki kwa bibi yao.

Zaituni alikuja uani kwetu akamwambia mke wangu, si mimi, "Wanangu watanisahau. Mdogo hata jina langu hajalijua vizuri." Mikono yake ilikuwa ikiuchezea mlango wetu mpaka kitasa kikalia.

Mimi nilikuwa na jibu langu la semina, nikataka kumweleza Bi Mwamvua habari ya kemikali za ubongo. Mke wangu akaniambia ninyamaze, akaenda mwenyewe. Alimwambia, "Shikamoo Bi Mwamvua. Ngoma ni yenu, sikuja kuizuia. Mpelekeni kwanza kwa kina Shomari wakamtazame, ili hata mganga akija amkute hana homa." Bi Mwamvua akakubali kwa sababu moja: kwamba hospitali haitamzuia jini.

Basi wakaja wote watatu. Bi Mwamvua alieleza hadithi ya jini, Rajabu akasimama mlangoni kama mtu aliyekuja kumsindikiza mwingine. Sista Agripina, ambaye kwa wakati huo alikuwa anakaribia kustaafu, alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia Zaituni anyooshe mikono mbele, viganja chini, avitanue vidole. Juu ya vidole akalaza karatasi nyeupe.

Vijana, hiyo ndiyo kazi ya karatasi. Mkono ukitetemeka kidogo sana jicho halioni kitu, karatasi inaona. Ile ilitetemeka ikatoa sauti, kama imeshikwa na upepo, na dirisha lilikuwa limefungwa.

Sista akahesabu mapigo. Akahesabu tena. "Unakula?"

"Anakula kama wavunaji wawili," Bi Mwamvua akajibu badala yake. "Na mtazame alivyo, kama ufito. Mchana kutwa anajimwagia maji, anasema joto, wakati sisi tumejifunika. Na hilo jini halitaki dhahabu, limemvua kidani."

"Hajanivua mtu," Zaituni akasema. "Kinanikaba."

Rajabu akacheka kule mlangoni. "Mwaka huu ndio kinakukaba? Miaka yote kilikuwa kinakubembeleza?"

"Kiko wapi?" Sista akauliza.

Zaituni akatazama sakafu. "Kwenye mtungi wa mchele."

"Kwa nini umekificha?"

"Mtu anakonda mwili mzima, halafu aseme kidani kimembana. Nani angeniamini?"

 Sista alimtuma Bi Mwamvua akakilete, na nyumba si mbali. Mimi wakati huo nilikuwa nimeshaushusha ubongo wa plastiki kabatini, nimeukumbatia, nasubiri kuelezea. Sista akaniona. "Leo si ubongo, Shomari. Urudishe, kisha ukae nje ya pazia."

Kidani kilipofika akalivuta pazia, akamwomba Zaituni ashushe ushungi. Akamwita Rajabu ndani, akamwambia, "Mvishe kama ulivyomvisha siku ya harusi." Kwa hiyo jambo kubwa kuliko yote katika kazi yangu mimi sikuliona. Niliona miguu chini ya pazia, nikasikia ndoano ndogo ikitafuta tundu lake.

"Funga," Sista akasema.

"Hakifiki."

"Vuta."

"Nimevuta."

"Vuta kidogo tena."

 Kisha Rajabu akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Nikivuta tena nitamuumiza."

Sista akampa Zaituni kikombe cha maji, akamwambia Rajabu aweke macho kwenye shingo. "Meza funda moja." Zaituni akameza na, kama nilivyoelezwa baadaye, kile kilichokuwa kimejaa chini ya koo, ambacho ushungi ulikifunika miezi yote, kikapanda na kushuka. Nilimsikia Rajabu akivuta pumzi. Bi Mwamvua akasema, "Alaa, kumbe kuna kitu."

Sista aliwaeleza bila kamusi. Kwamba shingoni kila mtu ana tezi inayotoa homoni, na homoni hiyo huuambia mwili uende kwa mwendo gani. Ya Zaituni ilikuwa kama mtu anayepuliza moto wakati wali umeshaiva. Moyo unakimbia, mikono inatetemeka, usingizi unakimbia, chakula kinaungua kabla hakijawa nyama, na hasira inafika kabla ya sababu. Aliwatuma Dar kupimwa damu ili kuwa na hakika. Kuhusu ngoma alimwambia Bi Mwamvua, "Sina ugomvi nayo. Ila moyo wake sasa hivi unakimbia mno, msimchezeshe usiku kucha. Ngojeni."

Ijumaa ile Rajabu hakwenda Mlingotini. Alikwenda Dar na mke wake, na majibu ya damu yakawa kama Sista alivyofikiri.

Dawa za tezi hazina haraka, na si kila shingo hurudi ilivyokuwa. Ile ya kutuliza moyo ilimsaidia mapema, ile ya tezi ilitaka uvumilivu. Kila walipokuja kliniki tulimpima kwa mizani iliyopigwa teke, kwa karatasi, na kwa kidani. Kwingine hupima shingo kwa utepe. Kwetu sisi, Rajabu aliingia nyuma ya pazia na dhahabu yake, akatangaza pengo lililobaki. Vidole viwili. Kidole na nusu. Safari moja pengo likaongezeka, tukagundua Zaituni aliacha dawa kwa kuona amepona, na Sista akamsema mpaka wagonjwa wa nje wakaacha kuzungumza. Kidole. Ukucha. Siku moja, nikiwa nje ya pazia mahali pangu pa kawaida, nikasikia ndoano ikiingia. Mlio mdogo kabisa.  Bi Mwamvua akajipangusa uso kwa ncha ya kanga akidai ni dawa ya sakafu inamchoma macho.

Wakafanya dua ya shukrani nyumbani, wakapika pilau, wakatualika. Ndipo Rajabu, ambaye miezi ile alikuwa ameishika elimu ya tezi kuliko hata mimi nilivyoishika ya semina, akataka kumaliza mambo. Akasema mbele yetu, "Mama, msamehe mkweo. Vyote vile havikuwa yeye, ilikuwa tezi. Hata lile neno la yai."

Watu wakaitikia. Mlango wa msamaha ulikuwa umefunguliwa wazi, Zaituni alikuwa na kazi ya kupita tu. Mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo nithibitishe kitaalamu.

Zaituni alikuwa ameshika sinia. Akaliweka chini. "Sahani nilizovunja ni tezi," akasema. "Kufagia usiku ni tezi. Kulia ovyo ni tezi. Lile la yai nilisema mimi, mama. Nilikuwa nikilifikiria tangu mwaka wa kwanza wa ndoa. Tezi ilinitoa woga tu."

Nilifunga mdomo. Nilimtazama mke wangu, naye alikuwa akitazama dari. Rajabu alikuwa na tonge mkononi, halipandi wala halishuki. Tukajua kwamba sasa, baada ya dhahabu na damu na safari zote za Dar, ndoa ile inakwenda kuvunjika kwa sentensi moja iliyosemwa na mtu mzima wa afya.

Bi Mwamvua alimsogezea mkwewe sinia. Kisha akamwambia, "Pakua, pilau linapoa." Mwezi haukuisha akamwambia Rajabu akajenge kwake, akampa kiwanja kilichokuwa cha marehemu babake, upande wa pili wa barabara. Siku ya kuhama, Bi Mwamvua mwenyewe ndiye aliyewabebea mtungi wa mchele.

Kesho yake baada ya dua ile nilirudi kazini nikautoa ubongo kabatini, nikaitazama ile plasta. Sikuitoa, na sikuwahi kuitoa. Nilichobadilisha ni maneno. Tangu siku hiyo nikimweleza mtu habari za mwili wa ndugu yake, humalizia kwa kumuuliza mgonjwa mwenyewe, akishapata nafuu, lipi ni la maradhi na lipi ni lake. Wengi hujua. Baadhi huona haya, baadhi hucheka. Swali hilo halimo kwenye karatasi zenu, liandikeni pembeni.

Mimi sasa nimestaafu na hali yangu ni nzuri kupita kiasi. Asubuhi nakunywa chai, nahamia kiti kingine, nakunywa nyingine. Mke wangu anasema nimepata cheo ambacho nilikuwa nikikililia tangu ujana. Zaituni hupita kila jioni na bakuli la kitu kwa mama mkwe wake, kidani shingoni, na nasikia kupitia ukutani wanavyojibizana, mmoja harudi nyuma na mwingine hakubali kushindwa.

Kabla sijawapa vijana maandishi haya nilimsomea Bi Mwamvua, kwani yumo. Ana umri mkubwa sasa, lakini masikio yake yako kamili kuliko yangu. Alisimama upande wake wa ukuta, mimi upande wangu, nikasoma mpaka mwisho. Akasema:

"Umefanya vyema kusema lile neno halikuwa la tezi, maana ungesema ni la tezi ningekuja kukuchania hizo karatasi. Lilikuwa kweli, na aliyelisema alikuwa mzima. Na wewe Shomari nawe ni yai la mkeo, miaka yote hiyo unausingizia ubongo. Toka nje ukaote jua."